Alhamisi za Watu wa Usingizi

Butembo, mtaa wa Mususa, mwaka 2000

Jumapili, 3 Septemba

Mvua ya msimu imeanza leo katikati ya mahubiri. Mabati yalipiga kelele hata pasta akaketi, na sisi wa kwaya tukaimba mpaka ikatulia. Ésaïe, mume wangu, anasema mwaka huu itanyesha sana. Kila mwaka anasema hivyo.

Naanza kuandika. Miaka miwili imepita tangu vita viikate nchi vipande, na tangu hapo hakuna karatasi hata moja iliyotoka Kinshasa kutufikia. Kazi yangu ni kulalisha wagonjwa wa upasuaji katika hospitali yetu ya kanisa hapa Mususa. Kwa daktari mimi ni anestezisti, sokoni wananiita Mama Usingizi. Zamani chama chetu cha taifa kilitutumia buletini yake: dawa mpya, onyo, nani amehama, nani amekufa. Sasa niko peke yangu na kitabu cha shule. Mtu akifanya kazi peke yake muda mrefu anaanza kujiona hakosei, na katika kazi yangu hilo ni jambo la kuogopa.

Naandika Kiswahili cha kanisa. Kifaransa nakiacha huko huko blok, chumba chetu cha upasuaji.

Jumanne, 5 Septemba

Kasonia, anayeshika foni ya hospitali, alikuja mbio hadi mlango wa blok. Foni hiyo ndiyo redio yetu ya kuzungumza na vituo vingine. Simu hakuna.

"Mama Hulda, kuya mbio! Kuko mutu ya Beni anakuita. Iko na sauti kama ya pasta mukubwa."

Nilivua glavu nikaenda. Sauti ilikuwa nzito kweli, ikinguruma kama lori likipanda mlima.

"Allo, allo, Butembo! Natafuta batu ya kulalisha, hapana batu ya kulala!"

Alijitaja: Djuma Mashaka, anestezisti wa Beni, mtoto wa wale Mashaka wenye malori. Nilikuwa nimesikia jina lake tu. Akasema, "Mama Hulda, buletini ya chama imefika. Ya Kinshasa! Ya mwezi wa sita, mwaka huu huu!"

Daktari mmoja aliibeba hadi Nairobi, mtu mwingine akaifikisha Kampala, na dereva wa kaka yake Djuma akaileta kupitia mpaka wa Kasindi, chini ya kiti chake. Nakala ni moja tu. Djuma atatusomea kwa foni Alhamisi saa nane, upasuaji ukiisha.

Sikuweza kula mchana. Ésaïe aliniuliza kama kuna mtu amekufa.

Alhamisi, 7 Septemba

Tuliketi ofisini: mimi, Kasonia, na Daktari Éliakim, mpasuaji wetu, aliyesema anapita tu kisha akavuta kiti. Beni ilisoma. Oicha ilisikiliza, Lubero ilisikiliza. Kinshasa wamechagua rais mpya wa chama. Kuna shauri jipya juu ya sindano ya mgongo kwa mama wajawazito: kumlaza ubavu wa kushoto mapema zaidi, na kumpa maji ya mshipa kabla, si baada. Wenzetu wanne wamefariki. Mmoja wao alinifundisha mimi kushika barakoa usoni kwa mgonjwa kwa mkono mmoja. Nililia kidogo, Kasonia akajifanya anarekebisha antena.

Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: "Kwa wenzetu walio upande wa pili wa mapigano: majina yenu hatujayafuta."

Daktari Éliakim aliondoka. Baadaye nilimwona ananawa mikono, na hakukuwa na upasuaji.

Jumatatu, 11 Septemba

Mvua. Hernia mbili. Wote wameamka vizuri.

Alhamisi, 14 Septemba

Huyu Djuma! Leo alisoma kurasa mbili kwa saa nzima. Alisoma hata jina la mtambo uliochapa. Kila neno la Kifaransa analivuta kama mtu anayevua gumboot ya tope. Halafu katikati akatusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyookoa mtu wa Mbau mwaka wa tisini na sita. Betri ya foni ilikuwa inakufa.

Nilichukua mikrofoni. "Beni, samahani. Tuko nasikiliza buletini ao tuko nasikiliza historia yako?"

Oicha walicheka, nilisikia. Kisha ile sauti: "Basi usome weye, Mama Hulda. Banasema uko mutu ya kwaya."

Nilisema sawa. Nimekwisha kujutia.

Jumatano, 20 Septemba

Lori la kina Mashaka limeileta buletini, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake kilo ya mchele wa Beni "kwa msomaji". Nilikuwa nimemkasirikia vizuri kabisa, sasa mchele huu umeniharibia.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimesoma. Nilifanya kama kwenye kwaya: kupumua chini, kuachia juu. Baada ya habari za Kinshasa niliongeza zetu: Lubero wana mashine ya oksijeni iliyoharibika na wanatafuta fundi, Oicha wamepokea balo mbili, mifuko ya mpira ya kubana ili kupumulisha wagonjwa, na moja watatuazima. Kila kituo kikatoa habari zake. Nusu saa, tumemaliza.

Djuma alisema, "Ni muzuri. Ila umesahau jina ya mutambo ya kuchapa."

Nilicheka kabla ya kukumbuka kwamba simpendi.

Jumanne, 3 Oktoba

Tope limefika magotini kwenye barabara ya soko. Chukudu la viazi, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lilipinduka mbele ya hospitali, na mwenye chukudu akaja kushonwa. Viazi viliokotwa vyote. Nilishangaa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kumbe tunasikilizwa. Nilipokuwa nasoma juu ya ketamine, dawa yetu ya kulaza, mnunuzi mmoja wa kahawa aliingia hewani kutoka foni yake ya biashara: "Mama, pardon, miye niko na hernie kama yai. Ni bora mugongo ao ni bora kulala?" Nikamwambia aje Jumatatu tumwangalie, na atoke kwenye frekwensi yetu. Akasema aksanti sana na kuniombea baraka za watoto kumi. Ninao watano, yatosha.

Sokoni Kahindo, yule mama anayeleta tilapia kutoka Kyavinyonge, amenipa samaki wa nyongeza. "Nakusikia Alhamisi kwa foni ya patron, bosi wangu," akasema. "Hapana elewa kitu, lakini unasoma muzuri!"

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo sauti mpya, nyembamba, yenye mikwaruzo. Ni Paulin, wa Kanyabayonga. Huko ni ng'ambo ya vizuizi, mji uko mikononi mwa wanajeshi wengine. Yeye ni mwenye kulalisha pekee kwa wagonjwa wa pande zote za barabara ile. Alikuwa ametusikiliza wiki tatu bila kuthubutu kujibu.

"Niliogopa kusema," alisema. "Leo nimechoka kuogopa. Bonjour kwenu bote."

Tulimsalimu wote pamoja, hewa ikajaa kelele tupu, hakuna aliyesikia neno. Nafikiri alielewa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Djuma amegombana nami hewani juu ya kipimo cha dawa ya mgongo kwa mama mfupi. Ana hakika ya kila kitu. Nimemwambia kitabu kinasema vingine. Amesema kitabu hakijawahi kufika Beni. Kasonia anasema tunaongea kama watu waliooana miaka ishirini. Nimemkataza kurudia neno hilo mbele ya Ésaïe. Amerudia. Ésaïe amecheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 3 Novemba

Habari mbaya. Asubuhi wanajeshi wanaoshika mji walikuja kuchukua foni yetu. Wameichukua pamoja na betri na antena. Wakati huo huo, kule Beni, wamemkamata Djuma Mashaka; dereva wao wa lori ndiye ametuambia.

Jana katika kusoma nilisema hivi, nayakumbuka maneno: "Jumatatu tutalaza wanne asubuhi. Balo ya Oicha iko tayari. Kanyabayonga, mizigo yenu itapita Alhamisi." Djuma akajibu: "Beni iko tayari vilevile, nasi tutalaza watatu."

Mtu alikuwa anatusikiliza, na huyo hakuwa mnunuzi wa kahawa. Kwa sikio la mwanajeshi kulaza ni kuua, balo ni risasi, na mizigo ya Kanyabayonga ni silaha za adui.

Jumatatu, 6 Novemba

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Mgonjwa wa kwanza leo alikuwa Maliro, seremala wa hapa Mususa, yule aliyetengeneza milango ya shule. Hernia ya kawaida. Mtu mwenye kifua kipana, mwenye kupenda mzaha. Alipanda mezani akaniambia, "Mama Usingizi, unilalishe sawa mutoto, lakini hapana kuniimbia." Hata Daktari Éliakim alicheka chini ya barakoa.

Kwanza huwa natoa atropini kidogo, dawa ya kukausha mate ili yasimpalie mgonjwa. Boksi la zamani lilibaki na ampuli chache, vile vichupa vya kioo, kwa hiyo nilifungua jipya, lenye maandishi ya kijani, lililonunuliwa mjini wiki iliyopita. Nilisoma jina, nikasoma tarehe, nikavuta, nikaingiza.

Kope zake zikaanza kucheza. Kisha mashavu, kisha nyama za miguu, kama maji yanayochemka chini ya ngozi. Kisha vyote vikatulia, na kifua kikasimama. Hakikupanda tena.

Nililijua jambo lile. Nililiona shuleni. Hivyo ndivyo inavyofanya dawa ya kulegeza misuli, ile inayotumiwa wakati wa kuweka mpira kooni. Hatujawa nayo blok yetu tangu vita vianze. Sasa ilikuwa ndani ya Maliro, na juu ya ampuli ilikuwa imeandikwa jina lingine.

"Daktari, hapumui," nilisema. Nilikwisha kushika balo. Barakoa usoni, kidevu juu, mkono mmoja kama nilivyofundishwa, na wa pili kubana. Kifua kikapanda. Bana, achia. Bana, achia. Daktari Éliakim alishika mshipa: moyo unapiga, vizuri.

Na hapo ndipo woga wenyewe uliponishika. Kwa sababu dawa ile hailazi mtu. Inamfunga tu. Maliro alikuwa macho. Hawezi kufumbua jicho, hawezi kusogeza kidole, hawezi kuvuta hewa, na anasikia kila kitu. Ketamine ilikuwa pale kwenye sahani, ningeweza kumlaza. Mkono ulikataa. Kama ampuli moja imenidanganya, nyingine nitaiamini vipi?

Nikainama karibu na sikio lake. Nilimwambia, "Baba Maliro, ni miye Hulda. Najua unanisikia. Umepewa dawa mbaya, hapana dawa tuliyotaka. Hautakufa. Miye niko napumua kwa ajili yako. Itapita. Niko hapa, hapana kwenda popote. Bana, achia. Unasikia? Hewa hii ni yako."

Nilirudia maneno yale yale. Nilipokosa maneno nilimwambia habari za mvua, za viazi vilivyopinduka, za watoto wangu. Daktari Éliakim akaanza kusema huenda ni mzio, nikamwambia anyamaze kwa sababu mgonjwa anasikia. Sijawahi kumwambia daktari anyamaze. Alinyamaza.

Machozi yalitoka kwenye pembe ya jicho la Maliro. Niliyafuta kwa kiwiko.

Halafu kidole. Kisha tumbo likajikunja, pumzi yake mwenyewe ikasukumana na yangu kwenye balo. Niliiachia. Alivuta hewa kama mtu aliyetoka mtoni.

Hatukupasua. Tulimfunika, tukamweka karibu na dirisha. Alipoweza kusema, la kwanza lilikuwa, "Nilikuambia hapana kuimba."

"Sikuimba!"

"Uliimba. Ya kwaya. Ile ya namba ya nyuma ya kitabu." Akanishika mkono, asiuachie.

Sasa jambo lililo zito. Boksi lile halikuja peke yake. Muuzaji anasema mengine yalikwenda Beni, Lubero, Kanyabayonga. Na sisi hatuna foni.

Jumanne, 7 Novemba

Daktari Éliakim hakulala. Alikuja na wazo kabla sijavua koti la mvua. "Hulda, atropini ya kweli inafanya nini kwa jicho?"

Inafungua mboni, kila mwanafunzi anajua. Tone moja, na baada ya nusu saa jicho ni kubwa kama la bundi.

Nilijitolea mimi. Jicho la kulia tone la boksi la zamani, la kushoto tone la boksi la kijani. Tukangoja tukinywa chai. La kulia likafunguka mpaka mwanga wa dirisha ukaniuma. La kushoto halikujua kama kuna kitu. Tulirudia na ampuli nyingine ya kijani kwa jicho la daktari mwenyewe. Hakuna kitu. Basi boksi zima ni uongo.

Kahindo alikuwa amepata nafasi juu ya lori la kwenda soko la Kanyabayonga. Nilimkimbilia na jicho langu moja kubwa. Nilimweleza: mtafute Paulin hospitalini, mwambie boksi la kijani, dawa ya kukausha mate, asiitumie. Alirudia mara mbili. Lori likaondoka. Sina hakika ni maneno gani amebaki nayo kichwani.

Jumatano, 8 Novemba

Leo tumekwenda kwa Komanda, mkuu wa wanajeshi wanaoshika mji. Ésaïe alitaka kuja, nikamwambia abaki na watoto. Nilikwenda na Daktari Éliakim, na Maliro akatufuata akijishika tumbo, hakuna aliyemwita.

Komanda ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. Mbele yake kulikuwa na foni yetu. Pembeni yake amesimama mlinzi wake, Sadrack, mwanajeshi mzee mwenye uso wa kununa.

"Mama," alisema, "kulaza batu ine siku ya kwanza, Jumatatu. Ni batu gani?"

"Hernie mbili, césarienne moja ya mama wa kuzaa, na mutoto aliyevunjika mukono."

"Na balo ya Oicha?"

"Ya kupumulisha mugonjwa." Nilikuwa nimeibeba. Nikaiweka mezani. Aliibana, ikampulizia usoni, akaiacha upesi.

"Na weye, mbona jicho yako iko vile?"

Nilimweleza yote: ampuli, kope, kifua kilichosimama. Nilimwambia kuna watu wanaotoa dawa ile leo hii huko Lubero na kwingine, na njia yangu ya kuwaambia iko juu ya meza yake. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza muuza viatu.

Hapo Maliro alisonga mbele. "Komanda, mutu mwenye kulazwa siku ya kwanza ni miye. Angalia miye. Nilikuwa mufu na masikio. Nilisikia kila kitu na sikuweza kuvuta hewa, huyu mama akavuta kwa ajili yangu. Kama hii ni siri ya vita, basi munifunge miye, ju najua yote."

Komanda aligeuza kalamu yake mara kadhaa. Kisha akamwambia Sadrack kwa Kilingala aende haraka kwa muuguzi wa kambi. Sadrack alirudi na boksi. Maandishi ya kijani.

"Tia," alisema Komanda, akimwonyesha Sadrack.

"Kwa nani, chef?"

"Kwa jicho yako."

Sadrack aliketi kama mtu anayenyolewa na adui. Nilimtia tone la kijani, na jicho la pili nikamtia la kwetu la zamani. Tulingoja. Komanda alisoma karatasi zake, Maliro akapima meza kwa macho na kusema imeungwa vibaya. Baadaye Komanda alimshika Sadrack kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akatazama jicho moja, kisha jingine. Akakaa.

"Tulikuwa na mutu wa kupasuliwa kesho," alisema. Kisha akasukuma foni kwangu: "Chukueni foni."

"Na Kanyabayonga?" niliuliza. "Kule ni wengine, lakini Paulin..."

Alifikiri. "Weye usome. Mwenye kusikia atasikia. Ila Sadrack atakaa pale kila Alhamisi."

"Na Djuma Mashaka wa Beni?"

"Beni hapana yangu. Nitasema neno."

Foni ilirudi juu ya kichwa cha Kasonia, aliyekuwa amengoja nje kwenye mvua. Hatukungoja Alhamisi. Antena iliposimama tu, nilisoma onyo kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na Kinande kwa wauguzi wa vijijini. Lubero walijibu: wana boksi, halijafunguliwa. Oicha: hawana. Kwa Beni alijibu muuguzi mwingine, kwa sauti ndogo: wanalo, wanaliondoa sasa hivi. Kanyabayonga, kimya. Nilirudia. Kimya. Kasonia aligusa waya, mvua ikapiga bati.

Halafu mikwaruzo.

"Hulda? Hapa Paulin. Asubuhi kuko mama ya samaki alikuya hospitali. Alisema: Hulda wa Butembo anakataza kukausha mate ya mutu yeyote ju ya jicho yake. Nilimwuliza mara tatu. Ni vile vile alisema."

"Na ulifanya nini?"

"Nilicheka. Kisha nikafikiri, Hulda hapana tuma mutu bure. Nilikuwa na boksi ya kijani mukononi. Niliirudisha kabatini."

Nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, mara nyingi sana, mpaka Kasonia akaniambia niachie kitufe ili mwenzangu aweze kujibu.

Jumamosi, 11 Novemba

Jicho langu limerudi karibu sawa. La Sadrack bado, amekuja kulalamika.

Jumatatu, 13 Novemba

Djuma ameachiwa.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilimsikia. Sauti ile ile ya lori, labda imeshuka gia moja. Nilimwuliza walimfanya nini. "Nilipumzika, Mama Hulda. Balinipa likizo." Nikamwuliza tena, akaanza kusema kwa urefu juu ya shauri la ubavu wa kushoto. Sikumkata. Alisema, akavuta kila neno, na mimi nilikaa nikisikiliza hadi mwisho.

Sadrack alikaa pembeni na bunduki yake kati ya magoti. Mwishoni alisema, "Leo hamukusema habari ya Lubero." Ni kweli, nilisahau.

Alhamisi, 23 Novemba

Maliro amepasuliwa wiki hii, kwa sindano ya mgongo, macho wazi. Alitaka kuona. Aliongea muda wote, Daktari Éliakim akauliza kama kuna dawa ya kulegeza ulimi peke yake.

Alhamisi, 30 Novemba

Imeamuliwa. Tutakutana Beni, uso kwa uso, na kuunda tawi letu la chama upande huu. Djuma atatupokea. Kwake ni mwezi wa kufunga, lakini anasema mpishi wake hafungi mkono.

Ésaïe anaogopa barabara. Mimi pia. Nitakwenda.

Jumapili, 10 Desemba

Nimerudi salama. Nitaandika ya jana.

Barabara ilikuwa tope na vizuizi. Kwenye kila kizuizi Daktari Éliakim alisema tunakwenda mkutano wa watu wa usingizi, na kila mara wanajeshi walitutazama kwa huruma. Tulifika Beni kabla ya adhuhuri.

Nilidhani Djuma ni mtu mkubwa. Sauti ile lazima ikae kwenye ngoma pana. Mlangoni mwa hospitali alisimama mzee mdogo, mwembamba, kofia nyeupe, miwani minene, mikono ndani ya mifuko ya koti. Nilimsalimu nikamwuliza ni wapi nitamkuta Bwana Mashaka.

"Butembo," ile sauti ikanguruma toka kwenye kifua kile kidogo, "unasoma muzuri kuliko kuona!"

Watu wote wa Oicha na Lubero walikuwa ukumbini, nao walicheka hadi mmoja akaketi chini. Sisi wageni tulipeana mikono, tukawa tunafumba macho ili kutambuana kwa sauti. Foni iliwekwa katikati ya meza, na Paulin, asiyeweza kuvuka, alikuwa nasi kwa mikwaruzo yake. Alipigiwa kura kuwa mweka habari wa kusini. Djuma mwenyekiti. Mimi msomaji, kama kawaida. Tulikula wali na samaki, na Djuma akatuhudumia kwa maneno tu, akiwaelekeza wapwa zake. Nilifikiri ni kwa sababu ya kufunga.

Jua lilikuwa linateremka alipoingia muuguzi wa uzazi. Mama amekuja kutoka njia ya Mbau, mtoto amekwama, lazima kupasua sasa.

Sote tulisimama pamoja. Viti vikaanguka.

Kwenye blok Djuma alinawa, na hapo alitoa mikono mifukoni. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, viwili vimepinda, kucha nyeusi. Alinitazama mimi.

"Likizo," alisema. Kisha, chini: "Bado hapana shika sindano. Mwezi muzima ni muuguzi wangu njo anafanya. Mama Hulda, unifanyie."

Mimi niliyekuwa nikihesabu dakika za hadithi zake! Kila Alhamisi alikuwa akibofya kile kitufe kwa mkono ule, akitufanya tucheke.

Nilinawa. Mama alikuwa mdogo, ameshika godoro kwa meno. Tulimketisha, Oicha wakamshika mabega, Lubero wakatundika maji kabla, kama buletini ilivyosema. Djuma alisimama mbele yake, uso kwa uso, akamwambia kwa sauti ile ya lori, polepole sana, apinde mgongo kama paka. Alipinda. Alikuwa mama mfupi. Nilivuta kipimo, nikamtazama Djuma. Alinyanyua kidole kimoja kizima, akakishusha kidogo: punguza. Nilipunguza. Nikaingiza sindano. Maji ya mgongo yakatoka safi kama ya chemchemi, nikasukuma dawa.

Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto, mto chini ya nyonga ya kulia. Akapumua. Maumivu yalipoondoka alifumbua macho akaona vichwa vyetu vyote vimemzunguka, vya Beni, Butembo, Oicha na Lubero, na kutoka ukumbini Paulin akiuliza kwa foni, "Inakwenda? Inakwenda?"

"Yesu wangu," alisema yule mama. "Muko bengi hivi! Niko mugonjwa vile?"

"Hapana, mwanangu," Djuma alimwambia. "Sisi njo tulikuwa na hamu ya kuonana."

Daktari Éliakim alimtoa mtoto, msichana, wa bluu kwa kitambo kisha mwekundu, akalia kwa hasira. Kutoka msikitini wakaanza kuadhini. Mmoja wa wapwa alileta kikombe cha chai mlangoni. Nilimwambia Djuma aende akafungue saumu, nitabaki na mgonjwa.

"Pima kwanza presha," alisema.

Nilipima. Ilikuwa nzuri. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa pale pale karibu na kichwa cha mama, huku mtoto akilia, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya blok hairuhusiwi chai.